Nyenzo za kutibu matatizo ya usemi na lugha Bukavu: namna ya kuzichagua, kuzirekebisha na kuzitumia

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wauguzi, wataalamu wa kinezitherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), walimu na watumishi wa vituo vya watu wenye ulemavu hapa Bukavu, ambao mara kwa mara huletewa mtoto aliyechelewa kusema, kijana mwenye kigugumizi au mzee aliyepotewa na maneno baada ya kiharusi, na ambao hawana lojopedi wa kumpelekea mgonjwa huyo kwa urahisi. Lojopedi, ambaye Ufaransa huitwa ortofonisti, ni mtaalamu wa usemi, lugha, sauti na umezaji, na familia nyingi za Kadutu na Bagira hazijawahi kumwona hata mmoja. Hata hivyo nyenzo za taaluma hiyo zipo, nyingi hutolewa bure, na mtumishi mwenye subira anaweza kujikusanyia za kutosha kwa simu yake na printa ya duka la jirani.

Shida kubwa ni kwamba karibu zote zilitungwa kwa ajili ya mtu anayezungumza Kiingereza au Kifaransa peke yake, ilhali mtoto wetu hubembelezwa kwa Kimashi, hucheza kwa Kiswahili na shuleni hukutana na Kifaransa. Kwa hiyo anayetaka kuzitumia hapa hana budi kuzipima nyenzo zenyewe kwanza, ndipo ampime mtoto kwazo.

Kabla ya yote, masikio

Usifungue kipimo chochote cha lugha kabla hujajua kama mtoto anasikia. Muulize mama kama mtoto aliwahi kutoka usaha masikioni, kama aliugua homa ya uti wa mgongo, kama alikuwa na manjano kali siku za kwanza za maisha, na kama alidungwa dawa za jamii ya gentamisini kwa muda mrefu, kwa sababu yote hayo yanaweza kuharibu usikivu. Kisha mwangalie kwa otoskopi, kifaa cha kutazamia ndani ya sikio. Kupiga makofi nyuma ya mtoto hakutoshi, kwani anaweza kugeuka kwa kuhisi upepo au mtikisiko, na wako watoto wanaosikia vizuri sauti nzito huku sauti nyembamba kama s, sh na f zikiwapita kabisa. Shirika la Afya Duniani limetoa kitabu cha mafunzo ya huduma ya msingi ya masikio na usikivu, na kinapatikana bure. Ndicho ambacho ningemshauri muuguzi akisome kabla ya vingine vyote. Ukiwa na shaka, mtoto aende kwanza kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Hapa pia ndipo pa kuzungumza na mama, kwa upole, kuhusu kukata kimio. Bado wapo wanaoamini kwamba mtoto asiyesema ana kimio kirefu au ulimi uliofungwa, wakampeleka kwa mkataji. Kukata kimio hakumfundishi mtoto kusema, tena kunaweza kumletea kutokwa na damu na maambukizi. Uzi mfupi wa chini ya ulimi nao unaweza kusumbua unyonyaji, na baadaye sauti chache, lakini si sababu ya mtoto kukosa maneno. Nimeona mama akilia aliposikia hivyo, kwa kuwa alikuwa amekwisha kulipa. Mpokee bila kumlaumu.

Sikiliza Kiswahili cha nyumbani kwao

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa binti wa miaka minne kutoka Kadutu, akiwa na karatasi ya tathmini iliyosema kwamba ana kasoro ya sarufi. Ushahidi ulikuwa sentensi zake mwenyewe: alikuwa amesema «batoto banacheza», «kitabu yangu» na «anakulaka bugali». Nilimwonyesha mama yake picha zilezile nikamwomba anieleze anachokiona. Naye akasema «batoto banacheza», akaongeza «na huyu mutoto iko na kitabu yake». Binti hakuwa na kasoro yoyote ya sarufi. Alikuwa amejifunza Kiswahili cha nyumbani kwao, tena vizuri sana, na aliyempima alikuwa amemlinganisha na Kiswahili cha vitabu.

Hili ndilo jambo ninaloomba lishikwe kuliko yote katika mwongozo huu. Kiswahili chetu cha Kivu kina utaratibu wake: kiambishi cha watu wengi mara nyingi ni ba-, upatanisho wa ngeli umepungua katika mazungumzo ya kila siku, na kitenzi huchukua -ka kuonyesha mazoea. Vivyo hivyo kwa sauti. Katika lugha nyingi za kwetu r na l si sauti mbili zinazotenganisha maneno, kwa hiyo mtu mzima mwenye akili timamu na ulimi mzima anaweza kusema «kulala» na «kurara» bila kujali tofauti. Kumtibu mtoto kwa sauti ambayo baba na mama yake hawaitofautishi ni kupoteza muda wake na kuidharau nyumba yake. Swali la kumuuliza mama ni hili: «Je, anasema tofauti na ndugu zake walipokuwa na umri huu?» Mama aliyelea watoto watano hujibu swali hilo kwa usahihi unaoshangaza.

Tahadhari nyingine inahusu hesabu ya maneno. Vitabu vya nje husema kwamba mtoto wa miaka miwili anapaswa kuunganisha maneno mawili, na kwamba asiyefanya hivyo afuatiliwe. Alama hiyo ni ya kuheshimiwa, lakini katika Kiswahili mtoto anayesema «nipe» amekwisha kuunganisha anayepewa na tendo katika neno moja. Hesabu viungo vya neno, usihesabu nafasi zilizo kati ya maneno. Zipo alama ambazo hazibadiliki kwa lugha yoyote: mtoto asiyebwabwaja hadi miezi 12, asiye na neno hata moja akifika miezi 16, au aliyekuwa akisema kisha akapoteza maneno katika umri wowote, huyo asisubiri.

Ili kusikiliza vizuri, rekodi. Weka simu umbali wa mkono mmoja, zima redio, mpe mtoto vitu anavyovijua kama sahani, kindoo na mwanasesere, kisha mwache mama acheze naye kwa dakika 15 bila kumsemesha kwa maswali ya «hii ni nini?». Andika kauli 50 kama alivyozitamka, si kama ulivyotaka azitamke. Omba ruhusa ya mzazi kabla ya kurekodi, na mweleze ni nani atakayeisikia sauti hiyo.

Chukua mfano wa mvulana wa miaka mitano aliyesema «tambada» badala ya sambaza (samaki wadogo wa ziwani), «tombe» badala ya sombe na «dawadi» badala ya zawadi. Ipo njia ya kuhesabu iliyochapishwa Marekani mwaka 1982, ambayo hugawa konsonanti zilizotamkwa sawasawa kwa konsonanti zote za maneno yaliyokusudiwa, kisha huzidisha kwa 100. Tukihesabu mb kuwa sauti moja, maneno hayo matatu yana konsonanti nane, naye amezipata nne, yaani asilimia 50. Orodha nzima ya maneno 40 au 50 ndiyo itakayotoa hesabu ya kuaminika, lakini hata haya matatu yanaonyesha kitu ambacho asilimia haionyeshi: ana kosa moja tu lililojirudia, nalo ni kuifungia hewa mahali ambapo ingepaswa kupita polepole, ndiyo maana s inakuwa t na z inakuwa d. Tiba basi inaanza na hewa. Afundishwe kuivuta s peke yake kwa muda mrefu, kidole chake kikiwa mbele ya mdomo kuhisi upepo, kisha «sa» na «so», kisha sambaza yenyewe, ambayo huko ziwani kwetu hakuna mtoto asiyeijua. Orodha ya maneno ya mazoezi itoke jikoni na barabarani kwake. Picha ya tufaha au ya treni haimsaidii.

Vipimo vya bure vinavyofaa kuwa navyo

Cha kwanza ninachokipendekeza ni kipimo cha kueleweka kilichotungwa na watafiti wa Australia na kuchapishwa mwaka 2012. Kina maswali saba tu, ambayo mzazi hujibu kwa namba kutoka 1, yaani mtoto haeleweki kamwe, hadi 5, yaani anaeleweka daima: anaeleweka na mzazi mwenyewe, na familia ya karibu, na jamaa wengine, na marafiki zake, na watu wanaomfahamu, na walimu, na wageni. Kimetafsiriwa katika lugha nyingi na hupatikana bila malipo. Neno la kuangalia ni «familia ya karibu», kwa sababu nyumba ya Bukavu ina bibi, shangazi na watoto wa mjomba waliokuja kusoma mjini. Mimi huuliza kuhusu «wanaolala nyumba moja naye», nikapata jibu lililo wazi.

Kwa watoto wadogo kabisa ipo orodha ya maneno ambayo mzazi husomewa, akasema lipi mtoto analielewa na lipi analitamka. Ilirekebishwa kwa Kiswahili na Kigiriama huko Kilifi, pwani ya Kenya, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 2015. Ubora wake kwetu ni kwamba ilipangwa kwa mahojiano ya mdomo, ili mzazi asiyejua kusoma asiachwe nje. Maneno ya pwani itabidi yabadilishwe, lakini mfumo wake tayari ni wa lugha ya Kibantu, na hilo pekee linaiweka mbele ya tafsiri yoyote kutoka Kifaransa.

Kipimo cha ukuaji cha Malawi, kilichochapishwa mwaka 2010 kwa watoto hadi miaka sita, kinagusa lugha pamoja na viungo na tabia, nacho kilijengwa kwa vitu vya kijijini. Kwa uchunguzi wa awali shuleni, maswali ya UNICEF na Kundi la Washington, linaloshughulikia takwimu za ulemavu, ya watoto wa miaka 2 hadi 4 na wa miaka 5 hadi 17, yanatosha kukuonyesha ni nani aangaliwe zaidi. Kwa usonji, dodoso la M-CHAT-R lina maswali 20 na ni la watoto wa miezi 16 hadi 30; linaonyesha hatari tu, na yeyote anayelitumia kutangaza kwamba mtoto fulani ana usonji amelitumia vibaya.

Unapotafsiri kipimo, mtu mmoja akihamishe katika Kiswahili cha hapa, mwingine ambaye hajaona asili akirudishe katika Kifaransa, kisha mkae pamoja mlinganishe. Baada ya hapo kijaribuni kwa akina mama watano au sita, mkiwauliza walielewa nini katika kila swali. Vipo vipimo vinavyolindwa na hakimiliki, na kwa hivyo ni lazima kuomba idhini.

Nyenzo za tiba yenyewe

Mtoto aliyezaliwa na kaakaa iliyopasuka anahitaji upasuaji kwanza, ikiwezekana kabla ya miezi 18. Shirika la Smile Train hugharamia upasuaji wa aina hiyo kupitia madaktari wa nchi husika, na wazazi waulize katika hospitali kubwa ni wapi unafanyika kwa wakati huo. Lakini upasuaji hufunga tundu; haufundishi sauti. Mtoto aliyezoea kupitisha hewa puani ataendelea hivyo asipofundishwa. Chuo cha Ualimu cha Columbia, New York, kina video za bure za kufundisha tiba hiyo hatua kwa hatua, na ni nzuri.

Jaribio rahisi ni la kioo kidogo. Kiweke chini ya pua ya mtoto akisema sentensi isiyo na sauti ya puani hata moja. Kioo kikipata ukungu, hewa inavuja. Ugumu ni kwamba Kiswahili kimejaa m na n, na kiambishi -na- peke yake huharibu karibu kila sentensi ya wakati uliopo. Tumia amri: «Kaka, leta kikapu.» «Dada, pika bugali.» «Baba, sogea hapa.» Kisha linganisha na «Mama anamenya nanasi», ambapo ukungu ni jambo la kawaida. Safisha kioo kila mara, na kiondoe kabla mtoto hajapumua baada ya kumaliza, maana pumzi ya kawaida nayo huacha ukungu.

Kwa mtoto aliyechelewa kusema, nyenzo yenye nguvu kuliko zote ni mzazi aliyefundishwa. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa mafunzo ya walezi wa watoto wenye umri wa miaka 2 hadi 9 waliochelewa kukua, wenye vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, na unaweza kuendeshwa na mtumishi asiye mtaalamu baada ya mafunzo. Kipo pia kitabu kilichotolewa Zimbabwe mwaka 1997, kwa ushirikiano wa shirika hilohilo na UNICEF, kwa wanaofanya kazi na watoto wenye shida ya kuwasiliana. Michoro yake ni ya nyumba za Kiafrika. Kwa asiyeweza kusema kabisa, ARASAAC ya Uhispania hutoa maelfu ya picha za bure, zenye maelezo ya Kifaransa pia. Mimi huanza na picha nne tu zilizopigwa nyumbani kwa mtoto: kikombe chake, mkeka wake, mlango, na uso wa mama. Picha hazimfanyi mtoto awe mvivu wa kusema. Humwonyesha kwamba mawasiliano yanazaa matunda.

Kigugumizi huwapata takriban asilimia 5 ya watoto kwa kipindi fulani, na wengi wao hupona. Mpango wa Lidcombe, uliotoka Sydney, ni wa watoto walio chini ya miaka sita na huendeshwa na mzazi akiongozwa na mtaalamu kila juma; usiuige kwa kusoma tu. Wakati wa kusubiri, nyumba nzima ikubaliane kumsubiri mtoto amalize, kutomkamilishia neno na kutomcheka.

Mgonjwa wa kiharusi aliyepata afazia, yaani aliyepotewa na lugha, asipimwe kwa Kifaransa kwa sababu tu alikuwa karani. Uliza familia: alisali kwa lugha gani, alihesabu fedha kwa lugha gani, aligombana na jirani kwa lugha gani? Lugha zake zinaweza kurudi kwa kasi tofauti. Chuo Kikuu cha McGill, Montréal, hutoa bure kipimo cha afazia kwa watu wa lugha nyingi, Kifaransa kikiwemo, ambacho kinaanza na historia ya lugha za mgonjwa. Tumia hata sehemu hiyo ya kwanza peke yake.

Mgonjwa huyohuyo huenda anapaliwa. Mfumo wa kimataifa wa IDDSI hupanga vinywaji na vyakula katika ngazi 0 hadi 7, na kipimo chake cha uzito wa uji kinafanyika kando ya kitanda. Chukua bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, ambalo urefu wake kutoka alama ya sifuri hadi ya 10 ni milimita 61.5. Ziba tundu kwa kidole, jaza uji hadi 10, ondoa kidole, hesabu sekunde 10, ziba tena. Ikibaki chini ya mililita 1, ni mwepesi kama maji, ngazi 0. Kati ya 1 na 4 ni ngazi 1. Kati ya 4 na 8 ni ngazi 2. Zaidi ya 8 ni ngazi 3. Usipotoka kabisa ni ngazi 4. Pima uji ukiwa katika joto atakalonywea mgonjwa, kwa sababu uji huzidi kuwa mzito unapopoa. Wala usimrudishie kikombe alichokwisha kunywea kikakaa muda mrefu: mate huyeyusha wanga, na uji uliokuwa salama saa moja unaweza kuwa maji saa inayofuata.

Watu wa kuwauliza na mahali pa kujifunzia

Anayetaka kusomea taaluma hii kwa ukamilifu ana njia mbili zilizo wazi. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianzisha shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, na kutoka Bukavu mtu hufika huko kwa barabara kupitia Rwanda. Masomo ni kwa Kiingereza. Kwa Kifaransa, Lomé, mji mkuu wa Togo, una mafunzo ya ortofonia ambayo yamewapokea wanafunzi wa nchi mbalimbali za Afrika. Shirika la Orthophonistes du Monde, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1992, huunga mkono wataalamu na mafunzo katika nchi zenye uhaba. Chama cha wataalamu wa Marekani, ASHA, kimeweka wazi kwenye intaneti kurasa ndefu kuhusu kila tatizo, na zinasomeka bila kuwa mwanachama. Pakua kila kitu siku unayopata mtandao mzuri, ukihifadhi kwenye simu na kwenye kadi, kwa sababu hutaki kukosa karatasi mbele ya mgonjwa kwa ajili ya umeme.

Unapomwandikia mtaalamu wa mbali, au unapompeleka mgonjwa katika Hospitali Kuu ya Rufaa ya Mkoa, hospitali ya Panzi au kituo cha watu wenye ulemavu cha Heri Kwetu, barua yako iseme mambo haya kwa utaratibu: umri, lugha zinazosemwa nyumbani na nani anasema ipi, hali ya masikio na tarehe yalipoangaliwa, mifano mitano au sita ya kauli za mgonjwa zilizoandikwa kama alivyozitamka, tafsiri yake, na swali moja mahususi unalotaka lijibiwe. Usiandike «mtoto hasemi vizuri». Andika nakala mbili, moja ibaki kwa mama ndani ya daftari la kliniki la mtoto, kwa maana barua za ofisini hupotea, naye ndiye atakayeulizwa upya kila mlango atakaoupiga hodi.